Sheria za kazi na kura ya kodi (Kigoma)

Kodi ya kusawazisha kipato humtoza zaidi mwenye nacho ili kugharimia huduma na mafao ya wengine. Nadharia ya wanauchumi Meltzer na Richard (1981) inadai kwamba kadiri kipato cha mpigakura wa kawaida kinavyokuwa chini ya wastani wa nchi, ndivyo anavyozidi kuitaka kodi hiyo. Kigoma hesabu hii inapwaya, hasa kwa sababu sheria za kazi zinawatambua wachache.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa mkataba, likizo na kinga ya kutofukuzwa ovyo. Kodi yake hukatwa kabla hajaupokea mshahara. Mwalimu wa Ujiji au karani wa bandari huyaona makato hayo kila mwezi, na kilio cha vyama vya wafanyakazi kilisikika: kiwango cha chini cha kodi hiyo kilishuka kutoka asilimia 11 hadi 9 mwaka 2016, kisha 8 mwaka 2021. Madai ya waajiriwa huishia kwenye makato yao. Walio nje ya ajira rasmi hawana wa kuwasemea.

Nao ndio wengi. Mvuvi wa dagaa na migebuka wa Kibirizi au Katonga hulipwa kwa mgawo, mwenye chombo akishatoa gharama zake. Akirudi mikono mitupu, hakuna malipo. Kodi ya mshahara haimfikii. Anayokutana nayo ni leseni, ushuru na VAT, ambazo haziulizi kipato. Tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021 ilizua malalamiko nchi nzima hadi ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwaka huohuo. Si haki kuyasoma malalamiko hayo kama chuki ya usawa.

Kumbukumbu ya kodi nayo ni ndefu. Kodi ya nyumba ya Wajerumani, kisha kodi ya kichwa ya Waingereza, ziliwasukuma Waha wa Kigoma kwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga. Kodi ya maendeleo ilifutwa 2003 tu.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, fao la kukosa ajira lililoanzishwa na sheria ya 2018 halikumhusu mvuvi wa mgawo, kwa kuwa limewekwa kwa waajiriwa wanaochangia mifuko. Ndiyo maana hoja ya hifadhi ya jamii kwa wote, iliyopigiwa debe na Zitto Kabwe wa ACT-Wazalendo, mbunge wa Kigoma Mjini 2015 hadi 2020, ina wasikilizaji mwaloni. Ahadi ya kodi peke yake haina.