Wimbo haukutungwa katika tufani

Mara nyingi tumehubiri kwamba John Newton, nahodha wa meli ya watumwa, alipatwa na tufani, akaokoka, akaacha biashara ile papo hapo na kutunga "Amazing Grace". Msikilizaji mmoja akatuuliza: mwaka gani? Tulisoma, tukaona haya. Tufani ilikuwa 1748, naye alikuwa hajawa nahodha. Baada ya kumlilia Mungu aliendelea kusafirisha Waafrika mpaka 1754, na kilichomtoa baharini ni ugonjwa. Wimbo ulitungwa Olney, Uingereza, alipokuwa mchungaji, kwa ibada ya Januari 1, 1773. Biashara ile aliishutumu kwa maandishi mwaka 1788! Siku za Jumapili aliongoza sala melini, watu wamefungwa minyororo chini. Hao hatukuwahi kuwataja.