Chombo cha Sauti na Sikio la Msikilizaji

Wahenga walisema kwamba kipendacho moyo ni dawa. Nasi twaweza kuongeza kwamba kipendacho sikio hakina hakimu. Waketishe watu wawili katika chumba kimoja, uwapigie santuri moja kwa chombo kimoja. Wa kwanza atasifu sauti kuwa ni nene na tulivu. Wa pili atanung'unika kwamba imefifia, kama ya mtu asemaye nyuma ya pazia. Je, ni yupi asemaye kweli? Swali hili si la mchezo. Lilimshinda mtu mmoja aliyekuwa na akili kupita wengi wa zama zake, nalo likachangia kuivunja biashara yake.

Mtu huyo alikuwa Thomas Alva Edison wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1847. Mwaka 1877 alitengeneza chombo cha kwanza kilichoweza kuinasa sauti ya mwanadamu na kuirudisha. Kilikuwa mche wa duara uliofunikwa kwa bati jembamba. Sindano ilichora mitetemo ya sauti juu ya bati, na ilipopitishwa tena katika mfuo ule ule, sauti ikatoka. Miaka kumi baadaye, mwaka 1887, Emile Berliner alileta chombo cha namna nyingine, kilichotumia sahani bapa mahali pa mche. Sahani zilikuwa rahisi kuchapwa kwa wingi na kuwekwa akiba nyumbani. Kwa hiyo zikaenea upesi.

Edison naye hakukubali kuachwa nyuma. Katika miaka ya 1912 na 1913 alitoa sahani zake mwenyewe, nene na nzito, zilizopigwa kwa ncha ya almasi isiyokwisha upesi kama sindano za chuma. Wajuzi wengi hata leo hukiri kwamba sauti yake ilikuwa safi kuliko ya washindani wake wa wakati ule. Ili kuwahakikishia watu jambo hilo, tangu mwaka 1915 kampuni yake ilifanya maonyesho mengi katika kumbi za Marekani. Mwimbaji alisimama kando ya chombo, akaimba pamoja na sauti yake iliyonaswa. Mara taa zikazimwa, na wasikilizaji wakatakiwa kupambanua ni nani aimbaye, mtu au chombo. Wengi walishindwa. Lakini mmoja wa waimbaji hao, Anna Case, alikuja kueleza katika uzee wake kwamba yeye ndiye aliyeilinganisha sauti yake na ya chombo. Ikiwa ndivyo, basi haikuwa chombo peke yake kilichomwiga mtu; mtu naye alikiiga chombo!

Sasa tuangalie kosa la bwana huyu. Edison alikuwa mzito wa kusikia tangu utotoni. Mara nyingine aliuma ubao wa chombo kwa meno ili mitetemo ipite katika mifupa ya kichwa chake. Hata hivyo alishika mwenyewe kazi ya kuchagua waimbaji na nyimbo. Alichukia sauti ya kutetemeka, ambayo waimbaji wengi wakubwa waliitumia kuwa pambo. Aliichukia pia jazi. Tena aliona kuwa jina kubwa la mwimbaji halistahili kulipiwa fedha nyingi. Kampuni ya Victor, kwa upande wake, ilikuwa na Enrico Caruso, ambaye watu walimpenda mno. Mpiga piano Sergei Rachmaninoff alinaswa na kampuni ya Edison mwaka 1919, lakini mwaka uliofuata alikwenda kwa Victor.

Hivyo mnunuzi aliwekwa njia panda: achague sauti safi ya mtu asiyemjua, au sauti hafifu kidogo ya mtu ampendaye. Wengi walichagua hiyo ya pili. Mwaka 1925 washindani walianza kunasa sauti kwa umeme. Edison alikawia kuwafuata. Redio nayo ilikuwa imekwisha ingia majumbani. Mwezi wa Oktoba 1929 kampuni yake iliacha kutengeneza sahani za muziki.

Katika pwani yetu jambo hili lilionekana kwa sura nyingine. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay kunaswa sauti, na santuri zake zikanunuliwa kwa wingi katika Afrika ya Mashariki. Watu hawakuzikusanyikia kwa kupima usafi wa sauti. Walivutwa na kusikia lugha yao wenyewe, na mambo ya mitaa yao, yakitoka katika chombo ambacho hapo kabla kiliimba zaidi lugha za wageni.

Je, mapenzi ya sikio ni maumbile au ni mazoea? Wataalamu nao walibishana. Mwaka 1945 Chinn na Eisenberg, katika Marekani, walionyesha kwamba wasikilizaji wengi walipenda sauti iliyopunguzwa milio ya juu na ya chini. Wengine wakadhani kwamba watu wamezoea redio dhaifu tu. Ndipo Harry Olson, mwaka 1947, alipoweka wapiga muziki wenyewe nyuma ya pazia, pamoja na vizuizi vilivyoweza kuzuia milio ya juu kupita mitetemo 5,000 kwa sekunde. Safari hii wengi walipenda muziki usiopunguzwa kitu. Ikaonekana kwamba huenda watu wa kwanza hawakuukimbia ukamilifu wa sauti, bali makosa ambayo chombo kiliyadhihirisha pamoja nao.

Basi, msomaji, tujifunze mambo mawili. La kwanza, tusiharakishe kumcheka mwenzetu kwa kile akipendacho. Pengine lipo analolisikia ambalo sisi hatulisikii. La pili, mwenye mamlaka asilifanye sikio lake kuwa sheria ya masikio yote. Edison aliupa ulimwengu chombo cha kusikilizia, lakini yeye mwenyewe hakuwasikiliza wasikilizaji. Sauti yake ilikuwa safi, na bado watu walikwenda kwingine kutafuta wimbo.