Ulimwengu Usio na Mwanzo

Wazo geni linapotokea katika elimu, hapana budi liulizwe maswali mawili. La kwanza ni hili: Je, ni kweli? La pili husahauliwa mara nyingi: Je, ni la kisayansi? Maswali haya hayafanani, na historia ya nadharia moja iliyotolewa Uingereza mwaka wa 1948 yatuonyesha tofauti yake.

Mwaka wa 1929 Edwin Hubble wa Marekani alionyesha kwamba makundi makubwa ya nyota, yaitwayo galaksi, yanazidi kuachana, na kwamba yaliyo mbali zaidi hukimbia kwa kasi zaidi. Miaka miwili baadaye Georges Lemaître, padre wa Ubelgiji aliyekuwa pia bingwa wa hesabu, alitoa shauri kwamba hapo kale vitu vyote vilikuwa vimesongamana mahali pamoja. Lakini shauri hilo lilikuwa na tatizo. Kwa vipimo vya siku zile ulimwengu ulionekana kuwa na umri wa miaka kama bilioni 2 tu, hali miamba ya dunia ilionyesha umri mkubwa kuliko huo. Mtoto awezaje kumzidi mama yake umri?

Ndipo walipotokea wataalamu watatu wa Cambridge: Hermann Bondi, Thomas Gold na Fred Hoyle. Walisema kwamba ulimwengu hauna mwanzo wala mwisho. Galaksi zinapoachana, maada mpya hutokea katika nafasi iliyo kati yake na kufanya galaksi nyingine, hata ulimwengu ukabaki na sura ile ile milele. Watu wengi walishtuka, maana walikuwa wamefundishwa kwamba kitu hakitokei pasipo kitu. Watatu hao walijibu kwamba maada itakiwayo ni kidogo mno: chumba cha darasa kingekaa miaka mingi sana kabla ya kupata atomi moja ya haidrojeni. Tena, je, ni rahisi zaidi kuamini kwamba maada yote ilitokea kwa siku moja? Mwaka wa 1949 Hoyle, akizungumza katika redio ya BBC, aliliita wazo la wapinzani wake “Mlipuko Mkubwa”, na jina hilo likashika mpaka leo.

Basi, hii ilikuwa sayansi au ndoto? Bondi alishikilia kwamba nadharia ya kisayansi ni ile inayoeleza wazi ni jambo gani likionekana litaibatilisha. Yao ilifanya hivyo. Nuru ya galaksi za mbali husafiri muda mrefu sana kabla ya kutufikia. Kwa hiyo atazamaye mbali hutazama zamani. Ikiwa ulimwengu haubadiliki, zamani hiyo lazima ifanane na leo. Isipofanana, nadharia imekwisha.

Martin Ryle, naye wa Cambridge, alianza kuhesabu vitu vya angani vinavyotoa mawimbi ya redio. Mwaka wa 1955 alitangaza kwamba vilivyo mbali vimezidi mno. Lakini wapimaji wa Australia walipata hesabu tofauti, na ikabainika kwamba orodha yake ina makosa mengi. Ryle alirudi kazini, na mwaka wa 1961 akaleta hesabu bora zaidi, ambayo nayo iliipinga nadharia. Wakati huo lile tatizo la umri lilikuwa limepungua, kwani mwaka wa 1952 Walter Baade alikuwa ameonyesha kwamba galaksi zi mbali mara mbili kuliko ilivyodhaniwa.

Pigo kubwa lilitoka New Jersey, Marekani. Mwaka wa 1964 Arno Penzias na Robert Wilson walisikia katika chombo chao cha redio mvumo hafifu utokao kila upande wa mbingu. Waliwaondoa hata njiwa waliojenga ndani yake na kusafisha kinyesi chao, lakini mvumo haukukoma. Mwaka wa 1965 ulielezwa kuwa ni mabaki ya joto la ulimwengu wa kale, lililopoa hata likafika nyuzi kama 270 chini ya sifuri. Wataalamu wengi wakaiacha nadharia ya ulimwengu usiobadilika.

Hoyle hakuiacha kabisa hata alipofariki mwaka wa 2001. Hata hivyo, hatuwezi kumdharau. Katika miaka ile ile ya mabishano, mwaka wa 1957, yeye pamoja na Margaret Burbidge, Geoffrey Burbidge na William Fowler walieleza jinsi kaboni ya miili yetu na chuma cha majembe yetu vilivyopikwa ndani ya nyota. Maelezo hayo yangali msingi wa elimu hiyo.

Wahenga walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Nadharia ya Cambridge iliingia uwanjani ikiwa imetaja mapema namna itakavyoshindwa, ikapimwa, ikashindwa. Ilikuwa si kweli, lakini ilikuwa sayansi. Msomaji atakayesikia nadharia ngeni kesho asiharakishe kuicheka wala kuishangilia. Na amwulize kwanza mwenye nadharia: Ni jambo gani likionekana utakubali kwamba umekosea?