Huduma ya Kwanza katika Uwanda wa Ufipa: Ujuzi, Sanduku na Umbali, 1889 hadi Sasa

Utangulizi

Uwanda wa juu wa Ufipa uko kati ya maziwa mawili: Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko juu ya uwanda huo, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Anayeshuka kutoka mjini kwenda bonde la Rukwa kupitia ukingo wa Lyamba lya Mfipa huteremka takriban mita 1,000, na anayebeba mgonjwa kutoka bondeni hana budi kuipanda teremko hiyohiyo. Kwa sehemu kubwa ya historia inayojadiliwa hapa, mgonjwa alipandishwa kwa machela mabegani mwa ndugu na jirani.

Mwili wa binadamu haukuumbwa kusubiri safari ya namna hiyo. Mshipa mkubwa ukikatika, mtu anaweza kufa kwa kuvuja damu ndani ya dakika chache. Ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika baada ya takriban dakika nne. Kwa sababu hiyo, historia ya hospitali pekee haitoshi kueleza nani alipona na nani alikufa Ufipa. Insha hii inauliza swali la karibu zaidi: katika kila kipindi, ni nani aliyekuwa kando ya mgonjwa wa ghafla, na alikuwa na nini mkononi? Hoja inayotetewa ni kwamba huduma ya kwanza ilidumu pale ujuzi ulipokaa ndani ya mtu aliyeishi na watu, na ilidhoofika pale ilipotegemea sanduku lililopaswa kujazwa kutoka mbali.

Chanzo cha dhara na tendo la kwanza

Wafipa walikuwa wakulima na pia wafua chuma mashuhuri. Tanuru zao ndefu za udongo, zinazojulikana kama malungu, bado zinaonekana katika baadhi ya sehemu za uwanda. Kazi ya tanuru, jembe, shoka, uwindaji na uvuvi ilikuwa na hatari zake: kuungua, kukatwa, kuumwa na nyoka, kuzama majini. Jamii iliyoishi na kazi hizo haikuweza kukosa maarifa ya kukabili majeraha, na maarifa hayo yalikuwa mikononi mwa wazee wa kaya, wakunga na waganga.

Tatizo la mtafiti ni kwamba maandishi mengi ya kigeni yalivutiwa zaidi na uchawi kuliko na ufungaji wa vidonda. Hata jina la Sumbawanga hufasiriwa mara kwa mara kuwa ni wito wa kuutupa uchawi. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika juu ya Kamcape, vuguvugu la kuondoa uchawi lililopita eneo hilo katika miaka ya 1963 na 1964. Maandishi ya aina hiyo yanaweza kumfanya msomaji adhani kwamba imani ndiyo iliyozuia msaada wa haraka.

Dhana hiyo inahitaji kupambanuliwa. Mtu aliyeumia huzusha maswali mawili: nini kifanyike sasa, na kwa nini ameumia yeye na si mwingine. Swali la pili linaweza kujibiwa kesho au mwezi ujao. La kwanza halina kesho. Madhara hutokea pale swali la pili linapotangulia. Radi ni mfano mzuri. Anayeamini kwamba radi imetumwa anaweza kuogopa kumgusa aliyepigwa, ilhali mwili wa mtu huyo haubaki na umeme na unaweza kushikwa mara moja. Degedege ni mfano mwingine. Tafiti za afya ya jamii nchini Tanzania zimeonyesha kwamba baadhi ya wazazi walimpeleka mtoto kwa mganga kwanza kwa hofu kwamba sindano ingemuua. Katika mifano yote miwili, kinachomweka mgonjwa hatarini ni mpangilio wa hatua. Mpangilio huo unaweza kurekebishwa bila kumtaka mtu aache kwanza imani yake.

Adrian Atiman na kituo cha Karema, 1889–1956

Karema iko kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Ufipa. Leo imo katika Mkoa wa Katavi, lakini kihistoria haiwezi kutenganishwa na Sumbawanga: Jimbo Katoliki la Karema, lililoundwa mwaka 1953, ndilo lililobadilishwa jina kuwa Jimbo la Sumbawanga mwaka 1969. Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers, waliichukua Karema mwaka 1885 kutoka kwa chama cha kimataifa kilichoongozwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji.

Mwaka 1889 alifika hapo kijana Adrian Atiman. Alizaliwa katika eneo la Timbuktu miaka ya 1860, akatekwa utotoni, akauzwa na kuvushwa Jangwa la Sahara. Mapadri walimkomboa nchini Algeria mwaka 1876. Kardinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alikuwa na mpango wa kuwafundisha tiba vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani ili wawe makatekista-matabibu. Atiman alisomea tiba Malta, kisha akatumwa Karema. Alimwoa huko Agnes Wansahira, akazaa mwana aliyekuja kuwa padri, na hakuondoka. Alifariki mwaka 1956, baada ya miaka 67 ya kazi. Habari za maisha yake alizieleza mwenyewe katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946.

Kwa historia ya huduma ya kwanza, mambo mawili yanajitokeza. La kwanza ni ukaaji. Maofisa wa Kijerumani na baadaye wa Kiingereza walihamishwa, mapadri walibadilishwa vituo, tabibu alibaki. Mtoto aliyetibiwa naye miaka ya 1890 aliweza kumletea mjukuu wake miaka ya 1940. Imani ya watu kwake ilijengwa kwa muda ambao hakuna mradi uliowahi kupewa. La pili ni upweke. Mpango wa Malta ulitoa vijana wachache na haukudumu. Ujuzi uliokaa ndani ya mtu mmoja ulikuwa imara maadamu yu hai, lakini haukuwa na njia ya kuzidishwa.

Madresa wa serikali za wenyeji

Serikali ya Uingereza ilijaribu kujibu tatizo la idadi. Mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ilipitishwa sheria ya mamlaka za wenyeji iliyowapa machifu hazina na majukumu ya utawala. Katika mwaka huohuo mkuu wa idara ya tiba, Dkt. John Shircore, alianzisha mpango wa madresa: vijana waliochaguliwa katika maeneo yao, wakafundishwa kwa miezi kadhaa hospitalini, kisha wakarudishwa nyumbani kufunga vidonda, kutoa dawa rahisi na kutoa taarifa za magonjwa ya mlipuko. Mishahara yao ilitoka katika hazina za wenyeji.

Wakosoaji waliwaita watu wa elimu nusu, na usimamizi wao ulikuwa hafifu kwa sababu madaktari walikuwa wachache na njia mbovu. Lawama hizo zilikuwa na ukweli, lakini zilipima dresa kwa kipimo cha daktari ambaye hakuwapo. Kipimo stahiki ni kijiji kisicho na mtu yeyote aliyefundishwa kuosha na kufunga kidonda. Kwa kipimo hicho, dresa alikuwa hatua mbele: alijua lugha, alijulikana kwa ukoo wake, na alifikika kwa miguu.

Sanduku la kijiji

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ya Tanzania ilielekeza nguvu vijijini. Mkoa wa Rukwa, makao yake yakiwa Sumbawanga, uliundwa mwaka 1974, wakati uhamishaji wa watu katika vijiji vya pamoja ukiendelea. Kwa upande wa afya, mpango wa taifa ulikuwa kwamba kijiji kisicho na zahanati kiwe na mhudumu wake. Kijiji kilimteua mkazi, akapata mafunzo ya miezi michache, akarudi na sanduku la huduma ya kwanza lenye bendeji, dawa ya vidonda na vidonge vichache.

Ulikuwa mpango wenye busara, lakini ulibeba udhaifu ndani yake. Dawa na bendeji zilipokwisha, zilipaswa kutoka wilayani. Wilaya ilizipata kutoka mkoani. Na mkoa ulikuwa mwisho wa njia ndefu ya vumbi kutoka Dar es Salaam. Kupanda kwa bei ya mafuta na vita vya Kagera vya 1978–79 vilibana bajeti. Mpango wa dawa muhimu ulioanza 1983–84 ulipeleka shehena za kila mwezi katika zahanati na vituo vya afya, hivyo ukaokoa ngazi hizo, lakini mhudumu wa kijiji alikuwa chini yake. Sanduku lilipobaki tupu, jamii ilimhesabu mhudumu mwenyewe kuwa mtupu, ingawa mikono na mafunzo yake yalikuwapo. Kosa lilikuwa la mpangilio uliomtambulisha kwa alichobeba badala ya alichojua.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 inatoa ulinganisho. Watu wapatao milioni mbili nchini walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu na kujadiliana. Somo lilikuwa kinga ya magonjwa kama malaria, kichocho na kuhara damu. Majeraha na dharura hayakuwamo. Hata hivyo, kampeni ilithibitisha kwamba maarifa ya afya yanaweza kufikishwa kwa mamilioni bila kutegemea dawa. Njia hiyo haikutumiwa kwa kiwango kama hicho kufundisha namna ya kuzuia damu au kumlaza aliyezimia.

Maarifa yenyewe yamebadilika

Si sahihi kuielezea historia hii kama safari ya mwenyeji kutoka ujinga kwenda kwenye elimu ya mgeni. Huduma ya kwanza ya kigeni nayo ilijaa makosa. Kwa miongo mingi vitabu vilifundisha kumchanja aliyeumwa na nyoka, kufyonza sumu na kufunga kamba kwa nguvu. Jiwe jeusi la nyoka lilisambazwa sehemu nyingi za Afrika, pamoja na kupitia misheni, lakini halijathibitishwa kuondoa sumu. Leo Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa, linaelekeza kumtuliza mgonjwa, kukizuia kiungo kisitikisike, na kumfikisha haraka penye dawa ya kuzuia sumu.

Kukandamiza kifua kwa mikono ili kuusaidia moyo uliosimama kulielezwa katika jarida la kitabibu la Marekani mwaka 1960, miaka minne baada ya kifo cha Atiman. Idara ya kwanza kamili ya tiba ya dharura nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010. Elimu ya dharura, kwa hiyo, ni changa kila mahali, na Ufipa haikuachwa nyuma na wenye ujuzi wa kale.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba hatua zilizobaki baada ya masahihisho hayo hazihitaji sanduku. Kidonda kinachovuja damu hukandamizwa kwa nguvu kwa kitambaa safi bila kuachia. Aliyeungua humwagiwa maji safi ya baridi kwa dakika 20. Asipakwe mafuta, kinyesi cha ng'ombe wala dawa ya meno. Mwenye degedege au kifafa hulazwa ubavu, asitiwe kitu mdomoni, kisha apelekwe kwenye tiba. Aliyepigwa radi au aliyetolewa majini bila pumzi huanza kusaidiwa palepale alipo.

Barabara, fomu na simu

Katika miaka ya 2010 barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilikamilika kwa lami. Umbali wa rufaa ulipungua, lakini kasi ya magari na pikipiki ilileta majeruhi wapya, na mara nyingi wa kwanza kufika kwa majeruhi ni dereva wa bodaboda. Mtu huyo hukabiliwa na hofu ya kisheria pia. Fomu namba 3 ya polisi, maarufu kama PF3, ilikusudiwa kuhifadhi ushahidi wa jeraha. Katika fikra za wengi imekuwa sharti la tiba. Viongozi wa sekta ya afya wamesisitiza kwamba katika hali ya kutishia uhai tiba hutangulia. Hata hivyo, msaidizi anayeogopa kuhojiwa humwacha majeruhi barabarani.

Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, unaruhusu kuita usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga kwa namba 115 bila malipo, ukitumia pia madereva wa kawaida waliosajiliwa mahali pasipo na gari la wagonjwa. Mfumo huo unatambua jambo ambalo historia ya Ufipa imelionyesha tangu zama za machela: msaada wa kwanza hutoka kwa aliye karibu.

Hitimisho

Atiman, dresa na mhudumu wa kijiji walifanana katika jambo moja: kila mmoja aliishi pale mgonjwa alipoanguka. Walitofautiana katika kilichowadumisha. Atiman alikuwa na ujuzi wa kina usio na warithi. Dresa alikuwa na warithi wengi wasio na usimamizi. Mhudumu wa kijiji alikuwa na mafunzo yaliyofichwa na sanduku tupu. Mpango wowote wa sasa mkoani Rukwa, ambao kwa sensa ya mwaka 2022 una watu zaidi ya milioni 1.5, unapaswa kupimwa kwa swali moja: vifaa vikikatika kwa miezi sita, ni nini kitakachobaki kijijini? Iwapo shule za msingi, vikundi vya wavuvi wa Rukwa na Tanganyika, na vijiwe vya bodaboda vitafundishwa hatua chache zisizohitaji vifaa, jibu litakuwa tofauti na lile la miaka ya 1980.

Kwa watafiti, shajara ambazo vituo vya White Fathers viliandika tangu mwanzo, pamoja na kumbukumbu za wazee waliohudumu kama madresa na wahudumu wa vijiji, ni hazina ya kuchunguzwa. Shajara zimehifadhiwa na zinaweza kusubiri. Kumbukumbu za wazee haziwezi, na ndizo zinazostahili kukusanywa kwanza.