Bato ya Goma–Bukavu: njia inayobeba mzigo wa barabara

Sisi wa Kalembe hatuna ziwa. Tuko milimani, pale Masisi na Walikale zinapogusana. Lakini mtoto wa kwetu akipata nafasi ya kusoma Bukavu, anapita Mweso, Kitshanga, Sake, Goma, halafu anaingia majini. Kwa hiyo historia ya bato za Ziwa Kivu ni yetu pia.

Mitumbwi ilikuwepo tangu zamani. Wahavu wa kisiwa cha Idjwi walivuka bila kuomba mtu ruhusa. Wajerumani walikiteka kisiwa hicho Septemba 1914, Wabelgiji wakakichukua tena 1916. Baadaye ukoloni ukakuza miji miwili kwenye ncha za ziwa: Goma kaskazini, na Costermansville, yaani Bukavu ya leo, kusini. Yote ilikuwa mkoa mmoja wa Kivu mpaka 1988, ulipokatwa kuwa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Magavana wakaongezeka, wasafiri wakabaki walewale.

Barabara ya kando ya ziwa, kupitia Sake, Minova na Kalehe, ni kama kilomita 200, na aliyeipita wakati wa mvua hahitaji kuelezwa. Juu ya hiyo barabara, bato ikawa lazima. Mwenye pesa anapanda kanoti ya mbio, saa chache amefika. Mama mwenye magunia ya maharagi analala ndani ya bato ya usiku, karibu na magunia yake (usingizi gani huo, lakini!). Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, watu wengi wa Goma walikimbilia Bukavu kwa majini.

Ninavyoona mimi, ajali za ziwa hili zinaanzia barabarani. Aprili 2019 bato ilizama upande wa Kalehe, watu wengi wakapotea, na Rais Tshisekedi akaamuru kila abiria avae jileti. Amri nzuri, ila jileti haipunguzi magunia. Mwaka 2024 vita na M23 vilikata barabara ya Sake–Minova, na chakula cha Goma kikahamia kwenye bato za Minova. Tarehe 3 Oktoba MV Merdi, imejaa kupita kiasi, ikazama ikiwa karibu kabisa kufika Kituku, watu wa bandarini wanaangalia. Gavana wa Kivu Kusini alisema ilibeba watu 278.

Siku 17 baadaye M23 waliingia Kalembe kwetu. Mwishoni mwa Januari 2025 wakachukua Goma, Februari Bukavu. Bato zikasimama, kisha zikarudi, na pande zote mbili zikiwa chini ya mkono mmoja, kama wakati wa RCD baada ya 1998. Wamama wa maharagi walirudi Kituku na magunia yao.