Povu la hamira lililobadili sayansi ya uhai

Eduard Buchner hakuwa akitafuta siri ya kuchachuka. Mkemia huyo wa Ujerumani alisaga hamira kwa mchanga mpaka seli zake zikapasuka, akaikamua, akapata maji yasiyo na seli. Kaka yake Hans aliyahitaji kwa utafiti wa tiba. Ili yasioze, yalitiwa sukari nyingi. Badala ya kutulia, yakaanza kutoa povu: sukari ilikuwa ikigeuka pombe na gesi ya kabonidayoksaidi.

Kwa wasomi wengi wa wakati ule, jambo hilo halikuwezekana. Louis Pasteur wa Ufaransa alikuwa ameshikilia kwamba hakuna kuchachuka bila seli hai. Ni kweli kwamba tangu 1833 Anselme Payen na Jean-François Persoz walishapata, kutoka kwenye kimea cha shayiri, kitu kinachogeuza wanga kuwa sukari. Miaka mitatu baadaye Theodor Schwann akagundua pepsini, inayomeng'enya nyama tumboni. Lakini kuchachuka kulihesabiwa kazi ya uhai wenyewe. Taarifa ya Buchner ya mwaka 1897 ilionyesha kwamba kazi hiyo hufanywa na vitu vilivyomo ndani ya seli, navyo vikitolewa nje huendelea nayo. Mwaka 1907 alipewa Tuzo ya Nobel.

Vitu hivyo ndivyo vimeng'enya, vichocheo vya kemia ya mwili. Kila mmenyuko una kizingiti cha nishati cha kuvukwa kwanza. Kiwandani mara nyingi huvukwa kwa moto mkali. Mwili wenye nyuzijoto 37 hauna nafasi hiyo. Kimeng'enya hukishusha kizingiti chenyewe: hushika molekuli, hulegeza vifungo vyake, huachia zao jipya, kisha hubaki kama kilivyokuwa, tayari kwa molekuli nyingine. Kimeng'enya cha damu kinachoshughulikia kabonidayoksaidi huweza kugeuza molekuli kama milioni moja kwa sekunde.

Kwa nini kila kimoja huchagua kazi yake? Mwaka 1894 Emil Fischer alijibu kwa mfano wa ufunguo na kufuli: maumbo hayana budi kulingana. Mwaka 1958 Daniel Koshland aliongeza kwamba kimeng'enya nacho hubadilika umbo kinaposhika molekuli.

Likabaki swali moja: vimeng'enya vimeundwa na nini? Richard Willstätter, mshindi wa Nobel wa 1915, alikana kwamba ni protini. James Sumner wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliyepoteza mkono wa kushoto ujanani na kuambiwa kemia haitamfaa, alihangaika na maharage kwa takriban miaka tisa. Mwaka 1926 akapata fuwele safi za yurease, kimeng'enya cha maharage hayo, nazo zilikuwa protini. Wengi walimkatalia, mpaka John Northrop alipopata fuwele za pepsini mwaka 1930. Wote wawili walitunukiwa Nobel mwaka 1946.

Hata ushindi huo ulikuja kuwekewa mpaka: katika miaka ya 1980, Thomas Cech na Sidney Altman walithibitisha kwamba RNA, molekuli ya seli isiyo protini, nayo huweza kuchochea mimenyuko. Hapo ndipo ulipo ukuu wa historia hii. Jina la Pasteur halikuyazuia maji ya hamira, wala tuzo ya Willstätter haikuziyeyusha fuwele za Sumner. Anayefundisha sayansi leo na awafundishe vijana kuheshimu wakubwa, lakini neno la mwisho waliachie jaribio.