Ronald Reagan: kutoka mikro ya michezo hadi kiti cha raisi wa Marekani

Wazee wa inchi yetu wanamkumbuka Ronald Reagan kama raisi wa Marekani wa wakati wa Mobutu. Lakini wachache tu ndio wanajua kama kazi iliyomfungulia njia ilikuwa ya kutangaza michezo ku redio, kazi ile ile ambayo wandishi wa habari wa redio zetu wanaifanya kila siku ya yenga, pembeni ya kiwanja.

Utoto na masomo

Reagan alizaliwa tarehe 6 mwezi wa 2 mwaka 1911, mu kijiji cha Tampico, jimbo la Illinois. Baba yake alikuwa anauzisha viatu, na pombe ilikuwa inamsumbua. Jamaa ilihama mara nyingi mbele ya kutulia mu muji mudogo wa Dixon. Kijana Reagan alifanya miaka saba, kila majira ya joto, kazi ya kulinda watu wanaooga mutoni, na alihesabiwa kuokoa watu 77. Mwaka 1932 akamaliza masomo ya juu ku Eureka College, ambako alikuwa pia anacheza futuboli ya Kimarekani.

Wakati ule uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka na kazi ilikuwa ngumu kupata. Reagan akazunguka mu redio nyingi kuomba kazi, wanamukatalia. Ku kituo cha WOC, mu muji wa Davenport, mukubwa wa programu akamuingiza peke yake mu studio, akamuambia atangaze mechi isiyokuwako, mpaka musikilizaji aione. Reagan akakumbuka mechi moja aliyoicheza yeye mwenyewe na akaitangaza kwa moto wote. Akapewa mechi ya kwanza kwa dola 5 na pesa ya basi.

Mechi ambayo hakuiona

Nyuma ya hapo alihamia ku redio WHO, mu muji wa Des Moines, jimbo la Iowa. Redio hiyo ilikuwa na nguvu sana, ikasikilikana mbali. Huko alitangaza mechi za ekipe ya Chicago Cubs, mu mchezo wa besiboli, ambamo mutu mumoja anarusha mpira na mwengine anaugonga na fimbo. Lakini Chicago ni mbali na Des Moines, na Reagan hakuwa ku kiwanja. Alikuwa anakaa mu studio, mutu wa telegrafu anamupitishia karatasi yenye maneno machache kabisa, na yeye anayageuza kuwa mechi nzima: jua, vumbi, sauti ya mashabiki.

Siku moja telegrafu ikakatika katikati ya mechi. Redio zingine zilikuwa zinatangaza mechi ile ile, kwa hiyo kama angesema kuna shida, wasikilizaji wangehama. Reagan akaamua kuendelea. Akamufanya mchezaji agonge mpira unaotoka inje ya mustari, halafu tena, halafu tena, kwa sababu mpira wa namna hiyo haubadilishi hesabu ya mechi. Kwa vile alivyosimulia mwenyewe, ilidumu zaidi ya dakika sita. Telegrafu iliporudia, akasoma kwamba mchezaji yule alikuwa ametoka ku mpira wa kwanza tu.

Reagan alipenda kusimulia hadisi hiyo maisha yake yote, na watu walikuwa wanacheka. Lakini kwa mutu wa redio iko na uzito. Kwa dakika zile, maelfu ya watu waliamini kitu ambacho hakikutokea, kwa sababu waliiamini sauti.

Filamu, sendika, siasa

Mwaka 1937 Reagan alifuata Cubs mu California, ku mazoezi yao ya mbele ya shampiona. Akatumia safari hiyo kujaribiwa na kampuni ya filamu Warner Bros., ikamupa mukataba wa dola 200 kwa juma. Akacheza filamu zaidi ya 50. Moja, ya mwaka 1940, ilimuonyesha kama George Gipp, mchezaji wa futuboli aliyekufa kijana, na jina la «Gipper» likamufuata mpaka mu siasa.

Siasa yenyewe aliianzia mu sendika: tangu 1947 aliongoza sendika ya wachezaji wa filamu. Kisha, kati ya 1954 na 1962, alifanya kazi na kampuni ya General Electric, akipitishwa ku televisheni na kuzunguka mu viwanda kuongea na wafanyakazi. Wakati ule ndipo alipoacha chama cha Demokrate na kuingia mu chama cha Republikani.

Tarehe 27 mwezi wa 10 mwaka 1964 alitoa hotuba ku televisheni kumutetea Barry Goldwater, aliyegombea uraisi. Goldwater alishindwa vibaya, lakini watu wakabaki wanamuongelea Reagan. Mwaka 1966 akachaguliwa gavana wa California, akaongoza jimbo hilo toka 1967 hadi 1975. Aligombea uraisi 1968 na 1976 bila kupita hata mu chama chake. Katikati ya hapo alirudilia redio, akitoa mazungumuzo mafupi yaliyosikilizwa inchi nzima. Mwaka 1980 akamushinda Jimmy Carter mu majimbo 44 kati ya 50, na 1984 akachaguliwa tena kwa kushinda majimbo 49.

Raisi na mikro

Tangu 1982 alikuwa anaongea ku redio kila siku ya posho. Mwezi wa 8 mwaka 1984, wakati wa kujaribu mikro, alifanya muchezo wa maneno kwamba ameshaamuru Urusi ianze kupigwa mabomu nyuma ya dakika tano. Maneno yakatoka inje, dunia ikashituka.

Mwezi wa 11 mwaka 1986 aliambia raia kwamba serikali yake haikuipa Iran silaha ili mateka waachiliwe. Mwezi wa 3 mwaka 1987 alirudi mbele yao na kukubali kwamba mambo yaliyohakikishwa yalionyesha kinyume. Mwisho wa mwaka huo alisaini na Gorbachev mapatano ya kuondoa aina moja nzima ya makombora ya nyuklia.

Kwetu, Reagan alimupokea Mobutu ku White House mwaka 1983 na 1986, akimuona kama rafiki wa kupinga ukomunisti. Silaha ambazo Marekani ilizituma kwa waasi wa UNITA wa Angola zilipitia ku kiwanja cha kijeshi cha Kamina, mu Shaba ya wakati ule, leo jimbo la Haut-Lomami. Wakaaji wa Zaire hawakuulizwa kitu.

Reagan alitoka madarakani mwezi wa 1 mwaka 1989. Miezi michache mbele ya hapo, tarehe 30 mwezi wa 9 mwaka 1988, alienda ku kiwanja cha Cubs, Chicago, akakaa mu chumba cha watangazaji na kutangaza sehemu ya mechi. Safari hii alikuwa anaiona na macho yake. Alikufa tarehe 5 mwezi wa 6 mwaka 2004, akiwa na miaka 93, nyuma ya kuugua miaka mingi ugonjwa wa kusahau.

Mu majimbo yetu pia, kila uchaguzi, sauti zinazojulikana ku redio zinaomba kura. Sauti nzuri si kosa, na Reagan aliitumia mpaka juu kabisa. Anayepiga kura iko na haki ya kuuliza swali moja ambalo wasikilizaji wa Iowa hawakuweza kuliuliza siku ile: huyu anayetuhadisia mechi, yuko ku kiwanja?